Kuchimba Nyumba ya Kale Isiyo na Ukuta: Mwongozo Kamili kwa Vijiji vya Uganda

Kila msimu wa uchimbaji kosa huwa lilelile. Timu inafika kijijini, inafungua shimo, inateremka mita nzima, inapata vigae vichache vya vyungu na punje za mkaa, kisha inaandika kwenye daftari "hakuna jengo" na kufukia. Jengo lilikuwepo. Walilivuka sentimita 30 kutoka juu, likabebwa kwenye karai likamwagwa.

Wanaokosea hivi hutafuta ukuta. Katika sehemu kubwa ya Uganda nyumba ilijengwa kwa nguzo, fito, udongo na nyasi. Mchwa wakila nguzo na mvua ikiyeyusha udongo, kinachobaki ni madoa ya rangi ardhini, sakafu nyembamba kama ipo bado, na meko. Ngome ya Patiko karibu na Gulu, aliyoijenga Samuel Baker mwaka 1872, ina mawe ya kushikika, lakini hiyo si kawaida. Hata Bigo bya Mugenyi, makazi ya kale yenye mahandaki ya kilomita zaidi ya kumi, huonekana kwa sababu ardhi yenyewe ilichimbwa. Nyumba za watu walioishi huko hazionekani ukisimama juu yake.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi, walimu na maofisa wa wilaya wanaofanya kazi ndani ya mradi wenye kibali. Asiye na kibali asishike hata jembe.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuondoka mjini

Vya kuchimbia: mwiko mdogo wa fundi wenye ncha (kila mtu na wake, uliotiwa makali kwa tupa), majembe, beleshi mbili zenye ukingo ulionyooka, makarai, toroli, brashi laini na brashi ngumu, kizoleo, mkasi wa kukatia mizizi. Sululu iache nyumbani. Ikiwa ipo, mtu ataitumia.

Vya kupimia: futi kamba mbili za mita 30, vigingi au misumari ya inchi 6, uzi wa kujengea, pima maji inayoning'inia kwenye uzi, timazi, dira na GPS ya simu.

Vya kuandikia: karatasi za grafu, penseli, daftari lenye jalada gumu, fomu za tabaka, ubao mdogo wa kuandikia namba, fimbo ya kipimo ya picha iliyopakwa rangi mbili kila sentimita 10, mshale wa kaskazini.

Vya kuhifadhia: mifuko ya plastiki ya saizi tatu, lebo za plastiki, karatasi ya aluminiamu, ndoo, kitambaa chepesi cha pamba, chekeche lenye matundu ya milimita 5.

Na viwili vinavyosahauliwa kila mara: bomba la kupulizia shambani ambalo halijawahi kutiwa dawa, na turubai kubwa la kutengenezea kivuli. Sababu za hivyo viwili utaziona kwenye Hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Vibali, na mazungumzo ambayo kibali hakiyafanyi

Kibali cha kuchimba hutolewa na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, iliyo chini ya wizara ya utalii. Utafiti wenyewe husajiliwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukiwa na barua hizo nenda wilayani, kisha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Usiruke hata ngazi moja.

Halafu kuna ardhi. Katika Buganda kipande kimoja kinaweza kuwa na mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi) anayeishi Kampala na mwenye kibanja (mkaaji asiye na hati) anayelima hapo. Wote wawili wakubali kwa maandishi. Kwingine ardhi ni ya ukoo, na sahihi ya kijana mmoja haitoshi.

Onyo: futi kamba ndicho kifaa cha hatari kuliko vyote ulivyobeba. Mgeni anayepima shamba, kwa macho ya kijiji, amekuja kunyang'anya ardhi. Asipokuwa mnyang'anyi, basi anatafuta dhahabu. Itisha mkutano kabla ya kupima chochote, onesha picha za vitu utakavyotafuta (vigae, mkaa, madoa ya udongo), na useme wazi vitapelekwa wapi. Uliza pia kama kuna mti, jiwe au kilima cha tambiko. Mahali pengi panapohusishwa na Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi, pana wazee wanaopatunza mpaka leo, na neno lao ni zito kuliko mhuri wako.

Umefaulu pale wazee wanapoanza kukuonesha wenyewe mahali jembe linapofukua vigae.

Kwenye kuajiri vibarua, tafuta angalau mama mmoja au wawili wanaokandika nyumba na kusiriba sakafu kwa samadi. Wanaitambua sakafu kwa kidole haraka kuliko mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na walipwe sawa na wanaobeba toroli.

## Hatua ya 2: Chagua majira, kisha soma uso wa ardhi

Kusini mwa nchi ukavu huja Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba mpaka Machi. Wengi huchagua katikati ya kiangazi. Mimi nachagua wiki za kwanza baada ya mvua kukatika: udongo bado una unyevu, rangi zinatofautiana, na mwiko unakata bila kuvunja. Subiri mpaka mwisho wa Januari na ardhi itakuwa tofali.

Tembea shamba kwa mistari iliyoachana mita 2, watu wakiwa sambamba. Andika palipo na vigae vingi, mawe ya kusagia, vipande vya udongo ulioungua vyenye alama za fito, mavi ya chuma (masazo ya kuyeyushia chuma), na nyasi zenye rangi tofauti. Zizi la zamani hustawisha majani mabichi yasiyofanana na ya jirani.

Sasa jambo linalowapoteza wengi: palipo na vitu vingi si lazima pawe ndani ya nyumba. Nyumba hufagiliwa. Taka hutupwa nje. Vilima vikubwa vya Ntusi, wilayani Sembabule, kwa sehemu kubwa ni taka za karne nyingi, vimejaa mifupa ya ng'ombe na vigae. Ukitaka chakula na vyungu, chimba jalala. Ukitaka nyumba, tafuta mahali tulivu pembeni ya jalala, palipoinuka kidogo, maji yasipotuama.

## Hatua ya 3: Funga mraba

Shimo la mita 1 kwa 1 linafaa kujua kina cha matabaka. Kwa nyumba halifai kabisa: utaangukia kati ya nguzo mbili usione hata moja. Fungua mita 5 kwa 5.

Ili pembe iwe ya mraba, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili; kutoka ncha hadi ncha lazima iwe mita 5 kamili. Ukishafunga mraba wote, pima pembe kwa pembe: kila mshazari uwe mita 7.07. Ukikosea kwa sentimita 10, ng'oa kigingi uanze tena, kwa sababu kila mchoro utakaofuata utarithi kosa hilo.

Chagua pia alama moja isiyosogea, kama jiwe lililozama au msingi wa shule, iwe kipimo chako cha vina vyote. Usichague kichuguu. Usicheke, imewahi kufanyika.

Udongo utakaotoa uwekwe mita 2 au zaidi kutoka ukingoni, upande ambao upepo hauurudishi. Mraba huu, ukishuka sentimita 10 tu, unatoa mita za ujazo 2.5, yaani zaidi ya toroli 40. Panga njia ya toroli mapema.

## Hatua ya 4: Ondoa udongo wa kulimwa

Sentimita 15 hadi 25 za juu zimeshageuzwa na majembe mara nyingi. Toa kwa beleshi, chekecha sehemu yake, weka vigae vyake peke yake. Simama pale rangi au ugumu unapobadilika, hata kama ni upande mmoja tu wa mraba. Usilazimishe upande mwingine ufike kina hichohicho. Tabaka halijui kipimo chako.

Kama huoni mabadiliko yoyote, shuka kwa vipande vya sentimita 5, ukikwangua na kutazama baada ya kila kipande.

## Hatua ya 5: Kwangua, lowesha, tazama

Hapa ndipo nyumba hupatikana au hupotea, kwa hiyo usiharakishwe na mtu yeyote.

Watu wapige magoti kwa mstari, warudi kinyumenyume, mwiko ukilazwa pembeni na kuvutwa kuelekea mwilini. Kusudi si kuchimba. Unanyoa milimita chache ili uso uwe safi na usawa. Hakuna anayekanyaga palipokwisha kukwanguliwa. Anayelazimika avue viatu.

Mraba ukiisha, tandaza turubai juu kuzuia jua, pulizia maji kwa ukungu mwembamba kama wa kunyunyizia nyanya, subiri dakika chache, kisha panda juu ya ngazi au toroli utazame kutoka juu. Jua la saa sita huua rangi zote. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni ndiyo saa zako.

Unachokitafuta ni miduara ya udongo mweusi au laini zaidi, ya upana wa sentimita 10 mpaka 30, ikifuata upinde. Kila doa lizungushie mstari kwa ncha ya mwiko na uweke kigingi chenye namba. Usilichimbe bado.

Ukipata madoa matatu yanayofuatana, hesabu inakusaidia. Vuta uzi kutoka la kwanza hadi la tatu, pima urefu wake. Kisha pima kutoka katikati ya uzi huo kwenda nje mpaka kwenye upinde. Chukua urefu wa uzi, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya kile kipimo kifupi, ongeza nusu ya kipimo kifupi. Hiyo ni nusu kipenyo cha nyumba. Kwa mfano uzi ni mita 3 na upinde umeinuka mita 0.5: 9 gawa kwa 4 ni 2.25, ongeza 0.25, unapata mita 2.5. Nyumba ina kipenyo cha mita 5. Sasa funga uzi wa mita 2.5 katikati ya duara la nyumba, zungusha, na ukwangue upya pale nguzo nyingine zinapopaswa kuwa. Mara nyingi zipo, zilikuwa zimejificha kwenye vumbi. Pengo pana kuliko mengine laweza kuwa mlango.

Onyo: miduara isiyoungana kwa mpangilio wowote isilazimishwe kuwa nyumba. Jicho lililochoka huona duara popote. Mpe mwenzako mchoro mtupu wa madoa, bila kumwambia unachofikiri, achore anachokiona.

## Hatua ya 6: Kata nusu kabla ya kuamini

Si kila doa ni nguzo. Ardhi ya Uganda ina mizizi, mafuko, muhanga, na mchwa wasiochoka. Njia ya kuamua ni moja: piga mstari katikati ya doa, chimba nusu moja tu, tazama ukuta uliobaki.

Shimo la nguzo lina pande zilizonyooka au zinazoelekea chini kwa adabu, na kitako cha mviringo au bapa. Udongo uliolijaza una mpaka unaoonekana. Mara nyingine kuna mawe au vigae vilivyoshindiliwa pembeni ili nguzo isiyumbe, na ndani yake kiini chembamba cheusi pale mti wenyewe ulipoozea. Nguzo ikiungua, mkaa upo.

Mzizi hupungua unene, hujipinda, huchipuza matawi. Tundu la mnyama hugeuka ghafla na kwenda upande, na udongo wake ni mlegevu, wenye nyuzi za majani ya juzi. Mchwa huacha vyumba laini vilivyopakwa, na njia nyembamba zinazosambaa.

Chora nusu hiyo, piga picha, pima kina, kisha ndipo utoe nusu ya pili na kuiweka kwenye mfuko wake. Andika pia mashimo yaliyokataliwa. Anayesoma baadaye atataka kujua kwa nini doa namba 7 si nguzo.

Umefaulu pale vina vya mashimo vinapokaribiana na upinde unasimama wenyewe kwenye mchoro. Mashimo ya vina tofauti sana yanaweza kumaanisha nyumba mbili zilizojengwa mahali pamoja kwa nyakati mbili. Angalia kama shimo moja linakata jingine: linalokata ndilo la baadaye.

## Hatua ya 7: Sakafu na meko

Sakafu ya udongo uliopigwa na kusiribwa huonekana kwanza kwenye ukuta wa shimo, kama mstari mwembamba ulio mgumu. Ukiuona, acha kushuka. Toka hapo ufuate sakafu kwa ubapa, ukiinua udongo uliolala juu yake. Mwiko ukigusa sakafu sauti hubadilika, na udongo wa juu hubanduka kwa magamba. Hapa waachie wale akina mama waongoze.

Sakafu iliyosiribwa mara kwa mara ina ngozi nyingi juu ya nyingine. Mahali pamoja pembeni kata kipande kidogo, uzihesabu. Usizibandue zote.

Meko hujulikana kwa udongo mwekundu ulioiva, majivu, na pengine mafiga au vishimo vitatu yalipokaa. Usifagie majivu hayo. Yote yaingie kwenye ndoo ya sampuli.

Udongo wa ukutani hubaki ikiwa tu nyumba iliungua. Vipande hivyo vina alama za fito ndani: pima upana wa alama na andika upande uliokuwa laini. Hapo una ukuta wako, vipande vipande.

## Hatua ya 8: Sampuli za kupima umri na chakula

Mkaa wa kupima kwa rediokaboni uchukuliwe kwa ncha safi ya mwiko, usiguswe kwa mkono, ufungwe kwenye karatasi ya aluminiamu na uandikwe namba papo hapo. Anayevuta sigara akae mbali.

Chagua vizuri. Kipande cha kiini cha mti mkubwa kinaweza kuwa na umri wa miaka mia zaidi ya moto uliokiunguza. Punje ya mtama au ulezi, au kijiti chembamba, hutoa tarehe iliyo karibu na siku ya kupika. Ukiwa na punje moja ya mtama kutoka mekoni na gogo zima kutoka kwenye kifusi, tuma punje.

Jua pia kuwa kwa miaka ya baada ya 1650 hivi majibu ya rediokaboni hutawanyika sana. Kijiji cha karne ya 18 hakitapewa tarehe ya kueleweka kwa njia hiyo pekee; tegemea zaidi shanga, vitu vya biashara na masimulizi ya koo.

Kupata punje: chukua lita 10 hadi 20 za udongo wa mekoni au wa shimo, mimina polepole kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, kisha mwaga maji ya juu kupitia kitambaa. Vinavyoelea ni mkaa na mbegu. Kausha kivulini. Juani mbegu hupasuka.

## Hatua ya 9: Chora kabla ya kugusa kinachofuata

Ramani ya mraba kwa kipimo cha 1:20, kuta za shimo kwa 1:10. Kila tabaka lina namba, rangi, ulaini, vilivyomo, na kinacholala juu na chini yake. Rangi isiandikwe "kahawia" tu. Tumia chati ya Munsell (kitabu cha rangi za udongo zenye namba), udongo ukiwa na unyevu. Picha iwe na fimbo ya kipimo, mshale na ubao wa namba, na isiwe na kiatu cha mtu.

Simu zinapiga picha nzuri sana, na ndiyo maana watu wameacha kuchora. Picha haikulazimishi kuamua mpaka wa doa uko wapi. Penseli inakulazimisha.

## Hatua ya 10: Vigae na vitu vingine

Kila mfuko uwe na lebo mbili, ndani na nje. Ya ndani iwe ya plastiki, iliyoandikwa kwa penseli. Ya karatasi italiwa stoo. Osha vigae kwa maji na brashi laini, isipokuwa vyenye masizi au ukoko wa chakula ndani. Hivyo viache vichafu.

Panga kwa nakshi. Mistari ya kamba iliyoviringishwa juu ya udongo mbichi ndiyo utakayoiona zaidi kwenye makazi ya miaka elfu moja iliyopita. Chungu chenye kibonyeo kitakoni na mdomo uliokatwa kwa pembe ni cha mtindo uitwao Urewe, na ni cha zamani zaidi. Kikitokea juu ya sakafu yenye vigae vya kamba, jiulize ni shimo gani limekileta juu.

Vitu vyote ni mali ya taifa. Huishia Makumbusho ya Taifa, Kampala, si kwenye kabati la mwalimu wala sebuleni kwa mwenyekiti. Hata mkaa wa kupelekwa maabara ng'ambo unahitaji ruhusa ya kutoka nchini.

## Ukikuta mifupa ya mtu

Simama. Funika kwa kitambaa, vijana wote wenye simu waondoke shimoni, waite LC1 na wazee, na mwenyekiti awaite polisi. Watu wengi Uganda huzika nyumbani, na hujui kama ni mtu wa miaka 500 au babu wa mwenye shamba. Familia ikisema afukiwe, anafukiwa siku hiyohiyo, na mradi unahamia mraba mwingine.

Na hatari ya walio hai: shimo likizidi mita 1.2, pande zake zipigwe ngazi au zilazwe, na asishuke mtu peke yake. Zungushia miiba usiku, mbuzi na watoto huamka kabla yako.

## Hatua ya 11: Fukia ipasavyo

Tandaza magunia ya plastiki kwenye kitako cha shimo, juu yake weka sarafu ya mwaka huu. Atakayechimba baadaye atajua ulifika wapi na lini. Rudisha udongo kwa kinyume cha ulivyoutoa, ule mweusi wa kulimwa uwe wa mwisho, na ushindilie kila sentimita 20.

Kwa mkutano wa kijiji rudi na nakala ya mchoro wa nyumba, iliyokuzwa, isomeke ukutani kwa LC1. Lipa mazao yaliyokanyagwa kabla hujadaiwa.

Mvua ya kwanza itabonyeza mraba, kwa hiyo acha tuta la sentimita 15 na fedha kidogo kwa mtu wa hapo kujazia. Mwambie mwenye shamba kuwa maharage na mahindi anaweza kupanda msimu uleule. Migomba, na hasa mikaratusi, aipande mbali: mizizi yake itafika kwenye sakafu uliyoibakisha kabla ya timu nyingine kupata kibali.